Mashimo Tisa ya Kampuni ya Pamba

Uongo wa Ayubu Nasoro haukuwa mrefu. Ulikuwa "eh" moja tu, aliyoitoa kwenye simu huku mkono wake wa kulia umeshika fimbo ya gofu, na watu wa Baraka, mji wa kwao, wakaifanya hadithi nzima kabla yeye mwenyewe hajafika. Lakini tusiwaonee watu wa Baraka. Ile eh ilikuwa yake.

Tuanzie kwenye gofu basi. Kila mtu ana wazimu wake. Wako waliokwenda Kanada wakarudi na wazimu wa viatu, wako waliorudi na wazimu wa kusema "kwetu kule" wakimaanisha kwa watu. Ayubu alipata kazi huko ya kukata majani kwenye uwanja wa gofu, na kwa muda mrefu aliwatazama wazee wa Kizungu wakitembea nyuma ya kipira kidogo kama watu waliodondosha ufunguo, akawacheka moyoni. Kisha siku moja mzee mmoja akamwachia fimbo, akajaribu. Kipira kikapaa, kikaenda, kikatua mbali penye majani mabichi, na tangu hapo hakucheka tena.

Hakuwa bingwa, wala hakutaka kuwa. Alichopenda ni viwanja, hasa viwanja vya ajabu. Yeye na rafiki yake Isidore, mtu wa Bukavu aliyekutana naye hukohuko kwenye baridi, walikuwa na mashindano ya miaka: nani amecheza mahali ambapo mwenzake hawezi kuamini. Isidore alishacheza kwenye uwanja unaokatwa na reli, mchezaji akasimama kungoja treni ipite. Ayubu hakuwa na la kujibu. Kwa hiyo alipopata likizo ya kurudi nyumbani baada ya miaka mingi, aliipanga njia yake kwa viwanja kama mlevi anavyopanga njia yake kwa vilabu. Lubumbashi kwanza, kwa sababu uwanja upo. Halafu ndege hadi Kalemie. Halafu barabara, Lulimba, Fizi, Baraka. Na Lulimba ndiko kulikokuwa na tunu yenyewe, maana rafiki yake wa utotoni Bertin, anayeendesha pikapu huko kwa wachimba dhahabu, alikuwa amemwambia kwamba nyuma ya soko kuna uwanja wa zamani wa Wazungu wa kampuni ya pamba. Mashimo tisa. Hakuna aliyecheza pale tangu bibi zao walipokuwa wasichana.

Tiketi ilishakatwa ndipo habari ikaja kwamba baba yake amefariki. Mzee Nasoro, mwenye boti tatu za kwenda Kazimia, alilala baada ya sala ya isha na hakuamka. Ayubu alilia mpaka majirani zake wa Kanada wakagonga mlango. Kuwahi maziko hakungewezekana, lakini likizo yake ilikuwa inaangukia karibu na arobaini, na ukoo ukasema: tutakungoja. Wewe ndiye mtoto wa kwanza, wewe ndiye utakayesimama mlangoni kupokea watu. Hakuna hitima itakayosomwa kabla hujafika.

Mtu mwingine angeacha fimbo zake nyumbani. Ayubu alizitazama, akazipakia. Alijiambia kwamba Lubumbashi iko njiani vilevile, na hilo lilikuwa kweli. Kalemie nayo iko njiani. Lulimba nayo iko njiani. Ndiyo maana shetani hana haja ya kumvuta mtu pembeni. Hukaa palepale njiani akamngoja.

Bertin alimpokea Kalemie na pikapu yake, wakafika Lulimba adhuhuri ya Jumatano, na arobaini ilikuwa Ijumaa. Mtu akitoka Lulimba asubuhi, kama mvua haikuharibu njia, analala Baraka. Hesabu ilikuwa inakubali. Lakini ule uwanja! Ayubu alipouona alisahau kama ana tumbo. Majani yalikuwa yamekatwa na meno ya ng'ombe vizuri kuliko mashine yoyote aliyowahi kuisukuma. Wachimba dhahabu walikuwa wamechimba huku na huku, kwa hiyo uwanja wa mashimo tisa sasa ulikuwa na mashimo yasiyohesabika, mengine ya kumeza mtu. Mahali pa kumalizia hapakuwa pa majani. Wazungu wale walitengeneza duara za mchanga uliolowekwa mafuta mazito ili upepo usiupeperushe, na mchanga wenyewe bado ulikuwapo, mweusi, mgumu, akina mama wakianika mihogo juu yake. Ayubu aliwaomba akina mama wasogeze mihogo kidogo. Wakamwangalia, wakasogeza. Jioni ile walipata duara tano. Akamwambia Bertin, kesho tutazipata zote.

Na Alhamisi, badala ya kuwa garini, alikuwa pale.

Siku hiyo ilikuwa nzuri, na hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye Ayubu alijaribu hata kujidanganya kwamba hakuifurahia. Aliifurahia kuliko siku zote za maisha yake tangu apokee ile simu ya msiba. Duara ya sita ilikuwa imelaliwa na ng'ombe wawili wekundu, na pembeni yao alisimama kijana mrefu wa milimani, kofia pana, fimbo ya kuchungia mabegani. Aliitwa Ishema. Alikuwa ameteremka na wenzake kuuza ng'ombe kwa wachinjaji wa machimboni, na hawa wawili walikuwa wamebaki bila mnunuzi. Ayubu alimwomba awaondoe. Ishema akawaondoa, kisha akabaki kutazama.

Wenzake walimwita kutoka barabarani. Mmoja, binamu yake, alikuja hadi pale kumvuta mkono, akasema tuondoke sote pamoja, jua linakwenda. Ishema alijibu kwa lugha yao, akicheka, kisha akamgeukia Ayubu. "Bakwende mbele, nitabafikia. Nataka nione hii kitu inaingia mu shimo."

Ayubu ndiye aliyempa fimbo. "Jaribu na we," alimwambia.

Ishema akaishika kama anavyoshika fimbo yake ya kila siku, akazungusha kiuno, akapiga. Kipira kikapita juu ya mashimo ya wachimbaji, juu ya miembe, kikapotea. Ishema akaanza kucheka, akacheka mpaka miguu ikamwishia nguvu, akakaa chini kwenye majani. Bertin alicheka, wachimbaji walicheka, Ayubu alicheka machozi yakamtoka. Binamu alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake na wengine.

Simu ililia wakati wakiwa kwenye duara ya nane. Alikuwa mama yake, Mama Siti.

"Ayubu, mutoto wangu, uko wapi? Bantu bote banakungoja. Shehe anauliza."

"Niko Lulimba, mama. Njia iko mubaya kidogo."

"Mubaya namna gani? Mvua?"

"Hapana. Bariere," akasema, maana vizuizi vya barabarani havikosekani njia ile.

"Ya Rabi! Iko bantu ba bunduki? Bamebakamata?"

Mbele yake Bertin alikuwa akimwashiria kwa mkono kwamba ni zamu yake, na Ishema alikuwa amekishika wima kibendera cha kitambaa cha kuonyesha shimo, akingoja. Ayubu alitaka simu iishe.

"Eh," akaitikia. "Mama, batri inaisha."

Akaizima. Akapiga. Kipira kilikwenda vibaya, na huo ndio ukawa msiba wake wa saa ile.

Jua lilipoinama Ishema aliwaaga, akawasukuma ng'ombe wake wawili kushika njia ya Fizi, peke yake. Ayubu na Bertin walilala Lulimba usiku ule, na Ijumaa pia, kwa sababu pikapu ilikuwa na mzigo wa kungoja na Ayubu hakuona haja ya kubishana. Arobaini ilishaahirishwa, alijua. Wangefanyaje vinginevyo? Jumamosi wakaondoka. Njia nzima hakuna aliyewagusa. Kwenye vizuizi askari walichungulia, wakaomba sigara, wakasema pitieni. Bertin alimshusha Baraka, akaendelea na safari yake ya kwenda Swima, mbele zaidi, akiwa bado na mfuko mrefu wa fimbo na lile sanduku kubwa, maana Ayubu alimwambia vitu hivyo avilete baadaye. Hakutaka mtu amuulize mfuko ule ni wa nini. Alishuka na kimkoba tu.

Alitarajia maneno makali. Alikuwa ameyatayarishia majibu. Alichokikuta hakukitayarishia kitu.

Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyemwona kwanza, akapiga kelele, na kelele ikapokewa nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwao akiwa amezungukwa kama bwana harusi. Mama yake alitoka mbio bila viatu. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamshika mabega, akamshika mikono, akihesabu viungo.

"Bantu, angalieni, hata valizi hana! Bamemunyanganya byote!"

Dada yake Yasmina alimwegemea akilia. "Kaka, balikupiga?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nafasi ilikuwa pana, ng'ombe angeweza kupita. Ayubu alifungua mdomo akasema, "Hapana, habakunipiga." Na Yasmina akawageukia watu akawaambia, hawakumpiga, Mungu mkubwa. Kila alichokikanusha kilikuwa kinathibitisha kingine.

Jioni hiyo aliyajua mengine, kidogo kidogo, na kila moja lilimpata mahali pake. Mabaharia watatu wa boti za baba yake walikuwa wamepanda pikipiki hadi Fizi na mbele zaidi kumtafuta, kwenye njia ambayo watu wenye akili hawaingii bila sababu. Mama yake alikuwa ameweka nadhiri: akirudi hai, atafunga mfululizo, na alianza siku ileile ya simu bila kungoja arudi, kwa hofu kwamba Mungu angedhani anapatana naye bei. Mjane wa jirani alileta shati la marehemu mume wake, limepigwa pasi. Wengine walileta sandali, shuka, kikoi. Ayubu alivaa shati la mjane, likamtosha. Alitamani lingembana.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Hawakusema kwamba pamoja na ufupi wake watu watakuja kuifagia, kuimwagia maji na kuweka viti kandokando.

Jumapili hitima ilisomwa. Ua ulijaa. Ayubu alisimama mlangoni kama alivyotakiwa, akapokea mikono, na kila mkono ulikuwa na pole mbili: pole ya baba, na pole ya porini. Alipoulizwa alijibu kwa maneno machache, na watu wakaona ndiyo adabu ya mtu aliyeteswa. Shehe alipomaliza kumwombea marehemu aliinua tena mikono na kumshukuru Mola kwa kumtoa mja wake Ayubu katika mikono ya madhalimu. Ua mzima ukasema amina. Ayubu naye akasema amina, na mara moja akaona kwamba neno hilo hatalisema tena kwa moyo uleule. Alimwangalia mama yake kule kwenye masufuria. Alikuwa akiwapakulia watu pilau midomo yake imekauka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amefunga.

Watu walipokuwa wakinawa mikono, akaingia mama mmoja wa milimani. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, kitenge kimefungwa begani kama wafungavyo wanawake wa huko, viatu vina vumbi la safari. Alisimama karibu na mlango kama mtu asiyejua kama atapokewa. Mama Siti alimwona, akaenda kumshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka na kumwekea sahani.

"Aksanti, mama. Sitakula kwanza," yule mama alisema. "Mi naitwa Mukamazimpaka. Mutanisamehe, najua muko mu kilio. Niliambiwa mu hii nyumba iko mutu alitoka mu pori."

Watu walimwonyesha Ayubu. Mama yule hakumkimbilia. Alimtazama kwa muda, akamwita "baba" kwa heshima ingawa angeweza kumzaa.

"Baba, niko na mutoto wangu, Ishema. Iko na bibi na mutoto mumoja. Aliendaka Lulimba kuuza ngombe, na benzake. Benzake balirudi. Ye hapana."

Ayubu alisikia jina, na kwanza halikuingia. Kisha likaingia. Aliona kofia pana.

"Na benyewe banasema nini, benzake?" shehe aliuliza.

Mukamazimpaka alitikisa kichwa kwa uchungu. "Njo pale kwenye shida, shehe. Iko mumoja, Shema, mutoto wa shemeki yangu, njo alikuwa naye ya mwisho. Anasema Ishema alibaki nyuma juu ya kuangalia mutu mumoja eko anapiga kampira kadogo na kifimbo ya chuma, mu uwanja ya zamani ya kampuni. Eti ule mutu alimupa naye apige. Eti Ishema alicheka, akakatala kutoka. Kampira! Mu Lulimba! Bazee balimuuliza tena na tena, anasema tu ile. Sasa banasema iko kitu anaficha, juu ye na Ishema balikuwaka na maneno ya ngombe. Bamemufungia mu nyumba. Kesho banamupeleka ku bureau ya polisi."

Ua uliguna. Mmoja wa mabaharia alisema uongo mwingine hauna hata haya. Mama Siti, ambaye hakuwahi kumsema mtu vibaya mbele ya wageni, alipiga makofi ya mshangao.

"Mutu anapiga kampira mu Lulimba! Masikini, hata kudanganya hajui."

Watu wachache walicheka, kicheko kifupi cha kilioni. Tazama mambo ya dunia. Kijana aliyesema kweli amefungiwa ndani kwa sababu kweli yake haifanani na nchi hii, na aliyedanganya amekaa kitini na shati la pasi, kwa sababu uongo wake unafanana nayo kabisa. Ayubu aliliona hilo waziwazi.

"Sasa nakuuliza we, baba," Mukamazimpaka alisema. "Kule balikuweka. Ulimuona? Iko murefu, na kofia ya mupana. Akicheka anakaa chini."

Na Ayubu, mtoto wa kwanza wa Mzee Nasoro, siku ya hitima ya baba yake, akasema, "Giza ilikuwa mingi, mama. Sikuona bantu muzuri."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepewa kitu. "Basi anaweza kuwa alikuwa pale."

Kisha akauonyesha mlango wa ua.

"Bwana yangu Gisaro iko inje na bandugu babili. Unionyeshe tu ni upande gani balibapeleka. Bataingia. Habaogope."

Kupitia mlango wa ua Ayubu aliwaona wanaume watatu wamesimama kando ya pikipiki zao. Hawakuwa wamekaribia wala kuegemea kitu. Walikuwa wanangoja aseme upande. Akisema kulia, wataingia kulia, kwenye pori lenye watu wa kweli wenye bunduki za kweli. Akisema kushoto, wataingia kushoto. Akisema sijui, watatafuta pande zote. Na kesho yule binamu atapelekwa. Hakuna jibu hata moja ambalo lingewazuia isipokuwa lile moja.

Alisimama. Alitaka kumwita mama yule pembeni amwambie peke yake, na alikuwa ameshachukua hatua moja, lakini mabaharia waliokwenda Fizi walikuwa wamekaa palepale, na mjane wa shati alikuwa amekaa palepale, na aliona kwamba kunong'ona kungekuwa uongo wa tatu.

"Shema anasema kweli," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Ikambidi arudie.

"Shema anasema kweli. Ule mutu ya kampira njo mimi. Nilikuwa Lulimba, nacheza. Hakuna mutu alinikamata. Sikuingia mu pori hata siku moja."

Ayubu aliuona kila uso. Baharia mkubwa aliinamisha kichwa akatazama miguu yake mwenyewe, miguu iliyokwenda Fizi. Yasmina alisema "kaka" kwa sauti ndogo kama anayemwita mtu mwingine. Shehe alifunga macho.

Mama Siti ndiye aliyesema. Alikuwa bado ameshika upawa.

"Alhamisi, nilipokupigia simu?"

"Nilikuwa nacheza, mama."

"Mi nilifunga juu ya kampira?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei sokoni. Ayubu angependa kupigwa na ule upawa mbele ya wote kuliko kusikia swali lile, lakini hakupigwa, na ilibidi ajibu. Akajibu ndiyo.

Mukamazimpaka alikuwa hajatikisika. Macho yake hayakumwacha Ayubu. Ilionekana haya mengine, ya simu na ya kufunga, yanapita juu yake yakienda kwa wenyewe. Alikuwa na lake.

"Alipiga?" akauliza.

"Alipiga, mama. Kampira ilienda mbali, hatukuiona tena."

"Alicheka?"

"Alicheka mingi. Alikaa chini juu ya kucheka."

Mama yule aliinua ncha ya kitenge akafunika mdomo. Mabega yake yalitetemeka, na mtu asingeweza kusema kama anacheka au analia. "Njo ye," alisema ndani ya kitambaa. "Njo Ishema."

Akakaa hivyo mpaka alipotulia. Kisha akasafisha sauti yake, akauliza Ishema alishika njia gani, na Ayubu akamwambia: ya Fizi, jua likiinama, na ng'ombe wawili.

"Na nani?"

"Peke yake. Benzake balikuwa bameshaenda."

"Alibaki juu yako."

"Ndiyo, mama."

Hakumtukana. Aliitikia tu kwa kichwa, vilevile kama alivyoitikia alipodanganywa, na Ayubu akajua kwamba maneno hayo matatu atakuwa nayo Kanada, kwenye majani mabichi, kila asubuhi atakapowasha mashine. Alitamani amwambie samahani, lakini samahani gani?

Mukamazimpaka alitoka kwenda kwa mume wake. Walizungumza kwa lugha yao. Gisaro alimtazama Ayubu kupitia mlango, mara moja, akarudisha macho kwa mkewe. Uamuzi haukuchukua muda: hakuna kuingia porini ovyo. Ndugu mmoja atarudi juu milimani kumfungulia Shema na kumwomba radhi. Gisaro na mwingine watakwenda Lulimba, waanzie pale kwenye uwanja, waulize nyumba kwa nyumba kufuata njia ya Fizi, nani aliona mtu mrefu na ng'ombe wawili wekundu jioni ya Alhamisi.

Mama Siti aliweka upawa chini. Alikwenda ndani, akatoka na maji na mikate ya mchele iliyofungwa kwenye kitambaa, akampelekea Mukamazimpaka mkononi. Ndipo alipomgeukia mwanawe, na watu wakapisha, maana hakuna aliyetaka kuwa katikati.

"We utaenda nabo," alisema. "Utabaonyesha fasi alisimama, na fasi alipita. Leo hii."

"Ndiyo, mama."

"Vua shati ya bantu kwanza."

Alivua pale pale, mbele ya wote, akamrudishia mjane, naye mjane alilipokea bila kumwangalia. Yasmina akamrushia fulana yake ya safari. Nje, Gisaro alikuwa ameshapanda pikipiki na kuiwasha. Alisogea mbele kidogo kwenye kiti ili kumpa nafasi, kwa adabu ya kawaida tu, kama ambavyo angempa mtu yeyote. Ayubu alipanda nyuma ya baba wa Ishema na hakujua ashike wapi.

Mama yake alimfuata mpaka barabarani. Ayubu alifikiri labda atamwombea, au atamwambia ajihadhari, kwa sababu njia ni ileile ambayo kila mama wa Baraka huiogopa, na safari hii ilikuwa kweli. Jua lilikuwa limempiga usoni, na midomo yake mikavu ilichukua muda kufunguka.

"Bakikukamata, usinipigie simu," Mama Siti alimwambia. "Nitakuamini nikikuona."